Vizuizi vya taka kwenye midomo ya mitaro ya Lamu: cha dukani, cha mitungi na chujio la nondo

Maji yakianza kupwa, mitaro ya Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, hutema baharini kila ilichobeba: chupa za maji, vizibo, ndara zilizokatika, nepi, majani ya mgomba yaliyofungiwa miraa, na kinyesi cha punda kilichoshikana kama mkeka. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilipunguza mzigo huu, na mzibuaji yeyote anaijua tofauti, maana mfuko ndio uliokuwa ukijibandika kwenye kona ya mtaro na kukusanya kila kilichofuata nyuma yake. Vingi vya vilivyobaki huelea, na kinachoelea kinazuilika.

Zana tatu zinatathminiwa hapa: kizuizi cha kuelea cha dukani, kizuizi cha mitungi kinachoundwa na mafundi wa hapa hapa, na chujio la nondo la ndani ya mtaro. Mwenye haraka achukue hukumu hii: mdomo wa mtaro wa kawaida unatoshwa kabisa na kizuizi cha mitungi, mradi kimeundwa na kufungwa sawasawa. Cha dukani kinafaa penye vyombo vingi na kazi ya kila siku, kama karibu na gati. Chujio peke yake, bila mtu wa kulisafisha mvua inaponyesha, litaingiza maji kwenye baraza za watu.

Kizuizi cha dukani

Ni mrija mrefu wa turubai la PVC, mara nyingi wa rangi ya machungwa, umejazwa sponji ngumu ndani ili uelee. Chini yake limening'inia pindo la turubai hilo hilo, na ndani ya upindo wa chini mna mnyororo wa farumi, yaani uzito wa kulivuta pindo chini. Huja vipande vipande vinavyounganishwa kwa vyuma na pini.

Kizuri chake kinaonekana mara tu kinaposhushwa majini. Uso wake ni laini, kwa hiyo chupa huteleza kuelekea pembeni pasipo kunasa, na ukikikwangua hukwanguka. Viungo vyake havina mwanya. Nahodha wa mashua hukiona kwa mbali, jambo kubwa mno kwenye mlango wa Lamu na Manda unaopita vyombo mchana na usiku.

Kasoro yake kuu ni pindo. Vizuizi vingi vya aina hii viliundwa kwa ajili ya kuzuia mafuta yaliyomwagika, kwa hiyo pindo ni zima, halina hata tundu moja. Pindo zima hugeuka tanga ndani ya maji. Mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, mvuto juu ya kamba na nanga huongezeka mara nne, na hapo ndipo nanga huburuzika au pini hukatika. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: pindo ni turubai zima au ni wavu? Kama ni zima na halibadilishiki, na mahali pako pana mkondo, kiache.

Kasoro ya pili huja polepole. Jua la pwani hula uzi wa mshono kabla ya turubai lenyewe. Mshono ukiachia, sponji hutoka na kumeguka punje ndogo ndogo, na kizuizi kilichowekwa kuzuia takataka kinakuwa chenyewe kinazitoa. Kila mwezi kipandishwe, mshono uvutwe kwa vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho. Penye ulegevu pashonwe siku hiyo hiyo kwa uzi wa kushonea matanga.

Pini za viungo nazo hujifungua zenyewe kwa kutikiswa na mawimbi. Kila pini na kila shakeli (pingu ya chuma yenye pini) ifungwe kwa waya mwembamba usiopata kutu. Ni kazi ya dakika moja, na ikiachwa kizuizi hukatika katikati usiku.

Pembe ya kufungia

Zana yoyote kati ya hizi za kuelea, iwe ghali au rahisi, hushindwa ikifungwa mkabala na mkondo. Kwa mafuta, kipimo kinachojulikana ni takriban sentimita 35 kwa sekunde: mkondo ukizidi hapo, vitu huanza kupita chini ya kizuizi. Chupa tupu huvumilia zaidi kidogo, lakini nepi iliyolowa na majani yaliyokunywa maji huzama kiasi na kufuata mkondo chini ya pindo.

Kasi hupimwa bila chombo chochote. Pima mita 10 ukingoni, tupa kumbi la nazi, hesabu sekunde. Likipita kwa sekunde 20, mkondo ni sentimita 50 kwa sekunde, tayari umezidi. Dawa yake ni mshazari. Kizuizi kikilazwa kwa pembe ya digrii 30 na mkondo, kasi inayokigonga moja kwa moja hupungua nusu, ikawa sentimita 25 kwa sekunde, na taka badala ya kupiga mbizi huteleza pembeni ya kizuizi hadi kwenye kona.

Kwenye pwani ya Lamu mkondo wa mlango hupita sambamba na ukuta, ukija huku wakati wa kujaa na kurudi kule wakati wa kupwa. Umbo linalofaa pande zote mbili ni pembetatu bapa. Piga nguzo mbili karibu na ukuta, moja kila upande wa mdomo wa mtaro, mita 10 na nusu hivi kati yake. Nguzo ya tatu iwe mbele ya mdomo, mita 3 kutoka ukutani. Mikono miwili ya kizuizi, kila mmoja mita 6, itafika sawasawa, na kila mmoja utakuwa na pembe ya digrii 30 hivi na mkondo. Maji yakipwa, taka hukusanyika kona moja; yakijaa, hukusanyika kona ya pili. Na kwa kuwa umbo zima limetoka mita 3 tu, haliwazuilii watu wa mashua na madau.

Nguzo na pete

Hapa ndipo vizuizi vingi hufia. Bamvua ya Lamu, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hupanda na kushuka karibu mita 3. Kizuizi kilichofungwa fundo gumu kwenye nguzo au kwenye pete ya ukutani kitazamishwa maji yakijaa, na yakipwa kitaning'inia hewani kama nguo kambani, pindo limekauka, taka zote zinapita chini.

Kizuizi lazima kipande na kushuka na maji. Njia rahisi iliyo imara ni pete inayoteleza kwenye nguzo. Nguzo ya mkoko yenye unene wa sentimita 12 ivishwe pete ya sentimita 22 au zaidi, iliyokatwa kwenye tairi kuukuu. Chuma hukwaruza mti na kushika kutu, tairi huteleza. Nafasi hiyo ya ziada si anasa: chaza na viumbe vingine vya magamba huganda kwenye nguzo chini ya maji, na pete iliyobana hukwama juu yao maji yanaposhuka. Nguzo zikwanguliwe kila mwezi. Thuluthi moja ya urefu wake iingie topeni, na ncha yake ya juu izidi maji ya bamvua kubwa kwa nusu mita, la sivyo siku ya maji makubwa pete itachomoka juu na kizuizi kitaondoka na mkondo.

Nguzo zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali cha mikoko. Mkoko ulio hai usifungiwe kamba: kamba yenye mvuto wa mkondo huchuna gome lake.

Kizuizi cha mitungi

Kwa pembetatu ya mikono miwili ya mita 6, vifaa ni hivi: mitungi 24 ya lita 5, ile ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko cha kukaza, mita 12 za wavu mgumu wa plastiki unaouzwa kwa mabanda ya kuku, wenye macho ya milimita 20 na upana wa sentimita 60, mita 12 za mnyororo wa mabati wa milimita 6, ambao kwa jumla una uzito wa kilo 10 hivi, mita 30 za kamba ya naironi ya milimita 10, uzi wa nyavu wa milimita 3, na shakeli sita za mabati. Watu wawili wanaojua kushona nyavu hukimaliza kwa siku moja.

Wavu uwe huo wa kuku, usiwe wavu wa kuvulia. Wavu laini wa uvuvi huwanasa samaki na kasa, na pwani hii kasa hupandia kutaga. Wavu mgumu hauna pa kumzonga mnyama. Macho ya milimita 20 huzuia kizibo cha chupa, ambacho ni milimita 28 hadi 30. Ukichukua macho madogo zaidi utapata vipande vidogo zaidi, ni kweli, lakini nyasi za baharini zitauziba wavu kwa siku chache, na wavu ulioziba huvutwa na mkondo sawa na turubai zima.

Kamba ya juu hupita kwenye wavu sentimita 15 chini ya ukingo wake, ili wavu usimame juu ya maji kiasi hicho na ubaki na sentimita 45 chini. Mitungi ilazwe kwa urefu, mmoja upande huu wa wavu, unaofuata upande wa pili, ikibana wavu katikati. Ikiwekwa upande mmoja tu, kizuizi kitalala kama mtumbwi uliolemewa. Kamba hii ndiyo ibebe mvuto wote, na pete za nguzo zifungwe kwake. Wavu ukibebeshwa mvuto, utachanika kwenye pembe.

Mnyororo ushonwe kwenye ukingo wa chini, fundo kila sentimita 20. Wengi hudhani wavu utazama wenyewe. Plastiki ya namna hiyo ni nyepesi kuliko maji. Bila farumi pindo hupanda na kulala juu, na taka hupita kwa raha zao.

Sasa mitungi. Mtungi wa lita 5 uliofungwa vizuri hubeba karibu kilo 5. Mitungi 24 kwa mnyororo wa kilo 10 ni nguvu ya kuzidi, na kizuizi chepesi mno hupeperushwa na kusi hadi mwanya hutokea chini. Tia kila mtungi lita moja na nusu ya maji. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kuzamisha, lakini mtungi hukaa chini na upepo haupati pa kuushika. Nguvu ya kuelea inayobaki, lita 80 hivi kwa kizuizi kizima, inatosha mnyororo, magamba na mzigo wa taka.

Kifuniko ndicho kinachoamua umri wa mtungi. Mchana hewa ya ndani hupata joto, hutanuka na kutoka kidogo pembeni mwa kifuniko. Usiku hupoa, hunywea, na mtungi hufyonza maji ya bahari kupitia mwanya ule ule. Ndiyo sababu mtungi usio na tundu lolote huonekana umejaa baada ya wiki kadhaa. Kata kiduara cha mpira wa tyubu, kiweke ndani ya kifuniko, kaza alfajiri kabla jua halijapata nguvu. Ukikaza alfajiri, mchana wote hewa ya ndani husukuma nje, na usiku hurejea pale ilipoanza, haina haja ya kufyonza. Mdomo uelekezwe upande wa juu, usiguse maji.

Kamba za plastiki za bei nafuu hazifai kwa kamba ya juu. Huelea, na hilo ni zuri, ila jua huzila hadi zikatoa unyoya mweupe mkononi, na kamba iliyofikia hapo haina nguvu tena. Naironi hustahimili zaidi. Kwenye nguzo ya mbele fungeni mtungi mmoja mweupe na taa ndogo ya sola, kwa ajili ya vyombo vya usiku.

Ukikilinganisha na cha dukani, hiki kina uso wa vinundu na taka hunasa kati ya mitungi, hivyo kukisafisha huchukua muda zaidi. Mitungi hupauka na kupasuka. Lakini ukipasuka mmoja unabadilisha huo mmoja, na fundi yupo mtaani. Kwa mdomo wa mtaro wa mita moja au mbili, hatuoni sababu ya kununua kingine.

Chujio la nondo, na kilango cha mpira

Chujio huwekwa ndani ya mtaro, mita chache kabla ya mdomo. Nondo ziachane milimita 25 na zilale kwa mshazari wa digrii 45 hadi 60, ncha za juu zikielekea kule maji yanakokwenda, ili anayesafisha avute taka kwa reki kutoka chini kwenda juu. Chujio lililosimama wima halivutiki. Taka hujibana na maji hufurika. Juu paachwe nafasi ya sentimita 10 ya maji ya dharura.

Hasara ya chujio hapa Lamu ni kinyesi cha punda. Kimejaa nyuzi za majani, na nyuzi hizo hujisuka kwenye nondo hadi zikawa kama jamvi. Kiangazi kusafisha mara moja kwa siku kunatosha. Katika mvua za Aprili hadi Juni, hasa za Mei, mvua moja kubwa hulifunga lote. Kwa hiyo chujio liwe na bawaba na liinuke lote kwa mkono mmoja. Mvua ikianza kukaza, mtu aliinue, na kizuizi cha nje kipokee kazi. Reki nayo ikatwe ipungue upana wa mtaro kwa sentimita 4, kwani reki pana huchimba kuta za chokaa.

Kilango cha mpira ni nyongeza ndogo yenye faida kubwa. Maji yakijaa, bahari huingia mtaroni na kurudisha juu mjini kila kilichokuwa mdomoni. Kipande cha mpira mnene kikining'inizwa mdomoni, kipana kuzidi tundu kwa sentimita 4 kila upande, hufunguka maji ya mtaro yanapotoka na kujifunga bahari inapokuja. Kikague kila siku: kijiti kimoja cha miraa kikikwama ukingoni, hakifungi.

Saa ya kuzoa

Taka zizolewe maji yakiwa yamepwa, kabla hayajaanza kurudi. Wakati wa bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na sehemu kubwa ya kizuizi hulala topeni, hivyo watu wawili kwa miguu, na koleo, reki na magunia, humaliza kona zote mbili bila chombo. Kila siku saa hiyo husogea mbele dakika 50 hivi: leo saa nne, kesho saa tano kasoro dakika kumi. Wakati wa maji mafu, bahari isipopwa sana, huenda ikahitajika hori (mtumbwi mdogo) na wavu wa mkono wenye mpini. Ratiba ya kazi iliyoandikwa kwa saa ya ofisini, kila siku saa mbili asubuhi, itakuta kona tupu mara nyingi, kwa kuwa bahari ilishachukua.

Vaeni buti na glavu nzito. Kwenye rundo la nyasi hufichika vioo na sindano.

Kisipofaa

Kizuizi cha mitungi kisipelekwe kwenye ghuba ya Malindi. Huko mto Sabaki hushusha tope jekundu, matete na magogo wakati wa mafuriko, na mawimbi ya pwani iliyo wazi hurusha taka juu ya kizuizi. Gogo moja hukata kamba ya milimita 10.

Kwa ziwa lenye gugu maji hesabu ni nyingine. Mmea wenyewe ni maji kwa takriban asilimia 95, na zulia lililoshonana laweza kufika kilo 40 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mita 100 za mraba ni tani 4. Mwaka 1998 ghuba ya Winam, kule Kisumu, ilifunikwa yapata hekta 17,000. Upepo ukisukuma zulia la namna hiyo, mitungi ya lita 5 haifui dafu. Hutakiwa mapipa na waya wa chuma, na magugu yaliyoopolewa yaachwe yachuruzike ukingoni siku mbili kabla ya kupakiwa. Sisi gugu hilo halitusumbui kwenye chumvi, maana maji ya bahari huliua.

Baada ya kuzoa

Magunia yatengwe papo hapo pwani: kinyesi na majani upande mmoja kwa ajili ya mbolea, baada ya kuoshwa chumvi kwa mvua, plastiki ngumu upande mwingine, ndara peke yake, nepi na vioo peke yake kwa jalala. Plastiki ngumu na ndara zina thamani pwani hii. Jahazi la Flipflopi lililoundwa hapa Lamu na kushushwa majini Septemba 2018 lilikula takriban tani 10 za plastiki na kuvishwa ndara zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Anayenunua plastiki huitaka isiyo na mchanga, kwa hiyo isuuzwe baharini kabla ya kutiwa guniani.

Mwezi Machi, kabla ya mvua, kizuizi kipandishwe pwani kama chombo kinavyopandishwa kupakwa deheni. Magamba yakwanguliwe, shakeli zifunguliwe na kupakwa grisi, viduara vya tyubu vibadilishwe vyote bila kuchagua, na kamba ya juu ikaguliwe penye pete, kwani huko ndiko hulika kwanza. Mitungi minne ya akiba, iliyokwisha kutiwa maji na kukazwa alfajiri, iwekwe kivulini nyumba ya karibu na mdomo wa mtaro.